Seti ya vyambo vitano vya kurambaza: vichwa nimevibakiza, ufungaji nimeukata wote

Nimeivulia seti hii msimu mzima ndipo nikakaa kuiandika, kwa sababu chambo cha juu ya maji hakijulikani mezani. Mezani vyote vinang'aa. Ni vyambo vitano vya kurambaza, yaani vya kuburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda, vya samaki wakubwa wa maji makuu: nduwaro, sulisuli, jodari, fulusi. Vilikuja ndani ya mkoba wa wavu wenye mifuko mitano, kila kimoja kimeshapitishwa nailoni na kufungwa ndoana mbili, na mtengenezaji anaahidi kwamba kazi yako ni kutoa tu na kutupa baharini. Jina lake silitaji. Nina malalamiko naye, na sijamsikia yeye upande wake.

Kazi yangu ni ya tezi, nyuma ya chombo. Nahodha anashika usukani, mimi natoa mishipi, nakaa nikivitazama vyambo kutwa nzima, na samaki akiletwa ubavuni mkono unaoshika nailoni ni wangu. Kwa hiyo kifungo kibaya kwangu si habari ya kupoteza samaki peke yake. Ndoana iliyochomoka kwenye mdomo wa samaki wa kilo mia na hamsini hairudi taratibu.

Nianze na sifa, maana zipo na ni za kweli. Vichwa ni vizuri kuliko nilivyotegemea. Ni rezini ngumu, angavu, ndani mmetiwa vipande vya gamba la chaza, na chini kuna risasi ya kukifanya kichwa kijue tumbo lake liko wapi. Nilivivingirisha mezani kimoja kimoja, na kila mara kichwa kilirudi kulalia upande uleule. Kichwa kinacholala leo ubavu huu na kesho ubavu ule kitazunguka majini kama pia na kuusokota mshipi wote. Halafu nikapitisha pamba ndani ya mrija wa kila kichwa, nikaivuta polepole hadi upande wa pili. Haikunasa popote. Hiki ni kipimo kidogo ambacho sikiachi hata kwa kichwa cha bei mbaya, kwa sababu kingo za mrija zikiwa na makali, zitaisaga nailoni siku nzima wakati wewe unatazama upeo wa macho.

Sasa majini. Kikubwa kuliko vyote ni cha sentimita 35 pamoja na sketi, yale manyoya ya mpira yanayofunika ndoana, na uso wake umekatwa mshazari. Hiki nilikiweka karibu, kwenye wimbi la pili nyuma ya tezi. Pale maji yamevurugwa na panga za injini, yamejaa povu, na chambo kidogo hupotea humo. Chambo cha uso wa mshazari huyumba, huzama, hupinda kushoto, hupanda tena. Kwa mwendo wa noti 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa, nilikaa nikihesabu: kinatokeza kichwa, kinavuta hewa, kinapiga mbizi na kuacha nyuma mkia mweupe wa viputo kama moshi, kisha baada ya sekunde saba hadi tisa kinapanda kuvuta tena. Hesabu hiyo ndiyo ninayoitafuta. Chambo kisichopanda hakina moshi, na kinachokaa juu muda wote kinapiga kelele bila umbo. Nduwaro anakuja kwa ule moshi na ule mwendo wa kitu kinachohangaika.

Upande wa pili, wimbi la tatu, nilikiweka kile chenye uso uliochimbwa kama kifuu. Hiki ndicho kilichonisumbua. Bahari ilipochafuka kidogo kilianza kuruka nje ya maji, kinapinduka, kinaangukia mgongo. Wengi wakiona hivyo hulaumu chambo na kukirudisha mkobani. Mimi nilishusha kamba ya kwenye autriga, ule mti mrefu wa ubavuni unaotanua mishipi mbali na chombo, ili mshipi uingie majini kwa pembe ya chini zaidi, kikatulia palepale. Ndiyo kanuni nzima: ukiinua mahali mshipi unapotokea, unakivuta kichwa juu; ukishusha, unakizamisha. Nafasi yake kwenye wimbi nayo ina neno. Chambo kikae kwenye uso wa wimbi, ule mteremko unaotazama chombo, si mgongoni kwake. Hatua moja ya mshipi mbele au nyuma hubadilisha kila kitu, na mtu wa tezi asipochoka kurekebisha, chambo cha kawaida kitafanya kazi ya chambo cha ghali.

Kile bapa kwenye autriga ya mbali hakina makeke: kinasukuma maji kwa kifua, kinapasuka juu, kinaendelea na njia yake. Chenye matundu kinapitisha maji ndani na kutoa viputo vyembamba, hakipigi mbizi, na fulusi walikipenda. Cha mwisho, chenye kichwa kama risasi ya bunduki, sentimita 20, kilikaa nyuma kabisa katikati, mbali na povu. Hiki hata bahari ikichafuka vipi kinakwenda mstari ulionyooka, na kinavumilia mwendo ambao wale wengine wangeruka hewani. Jodari wote wa msimu huu kasoro mmoja walikula hicho.

Vichwa vya aina hii vina ukoo mrefu. Nahodha Henry Chee wa Kona, Hawaii, ni miongoni mwa waliotangulia kumimina rezini kwenye vikalibu vya nyumbani na kukata nyuso zake kwa mshazari, na maumbo tunayoyaona leo madukani yametokana na mikono ya watu wa namna ile, waliokuwa wakivua na kurekebisha, wakivua na kurekebisha. Huyu aliyenitengenezea seti hii aliyasoma vizuri maumbo hayo. Kwenye kufunga hakusoma.

Siku ya tatu, kwenye saa nne asubuhi, nduwaro alipanda nyuma ya kile cha mshazari. Nilimwona kwanza kama kivuli cha kahawia chini ya wimbi, kisha pezi la mgongo likapasua maji, kisha ubavu wake wote ukawaka buluu, kama wanavyofanya wakikasirika. Alikipiga kwa mdomo, akageuka nacho, rili ikalia. Nahodha akapiga kelele, "Mwache ale, mwache!" Nikamwacha. Mshipi ulikwenda pengine mita themanini, halafu ukalegea. Hakuruka hata mara moja.

Nilivuta mwenyewe kwa mkono ile nailoni ya mbele. Kichwa kilikuwepo, sketi ilikuwepo, ndoana ya kwanza ilikuwepo. Ndoana ya nyuma ilikwenda na samaki. Pale ilipokuwa imefungwa ulibaki mkia wa nailoni, na ncha yake ilikuwa imejisokota kama unywele.

Ncha ya nailoni husimulia yaliyotokea, mtu akijifunza kuisoma. Ikiwa imekatika safi kama kwa kisu, ni meno. Ikiwa nyeupe na yenye vinyuzi kwa urefu, imesagwa na mdomo wa nduwaro au na kitu kigumu. Ikiwa imejisokota, haikukatika kabisa. Iliteleza ikatoka ndani ya kibano, kile kijibomba cha chuma kinachominywa kuishika nailoni badala ya fundo, na huko kuburutwa kwa nguvu ndiko kunakoisokota. Breki ya rili nilikuwa nimeipima kwa mizani asubuhi ile ile, chini kidogo ya theluthi ya nguvu ya mshipi, mshipi wenyewe wa kilo 37. Yaani kifungo kile kilishindwa kubeba hata kilo 12, kwenye nailoni iliyoandikwa ratili 300.

Jioni nilivikata vyote vitano, nikavipanga juu ya gazeti, nikavitazama kwa kioo cha kukuzia. Kila chambo kilikuwa na vibano vitatu, kimoja kwenye kitanzi cha mbele na viwili kwenye ndoana. Kati ya vibano 15, tisa vilikuwa na kasoro niliyoweza kuionyesha kwa kidole. Vingine vilikuwa vikubwa kuliko nailoni, ukivishika unahisi nailoni inacheza ndani. Vingine vimeminywa mpaka ukingoni kabisa, na ukingo wa chuma umeingia kwenye nailoni ukaacha mfereji. Karibu vyote, mkia wa nailoni umekatwa sawasawa na mdomo wa kibano, hakuna kilichoachwa nje cha kushikilia ikianza kuteleza.

Hasira nilikuwa nayo, siwezi kuficha. Mtu anayenunua seti iliyofungwa tayari mara nyingi ni yule asiyejua kufunga, na huyo ndiye hatagundua. Atasema samaki alikuwa mkubwa.

Kwa hiyo nimevifunga upya mwenyewe, na hapa ndipo ningependa kukaa kidogo.

Nailoni niliibadilisha kwa kadiri ya kichwa. Ratili 400 kwa kile cha mshazari na kile cha kifuu, 300 kwa bapa, 200 kwa cha matundu na cha risasi. Mtengenezaji alitumia 300 kwa vyote, na kwa kile kidogo cha risasi ilikuwa kama kumfunga kuku kwa kamba ya ng'ombe: shingo imekakamaa, hakichezi. Nilipokipa nailoni nyembamba kilianza kutikisa mkia siku hiyo hiyo. Mahali penye nguru wengi ningeweka kipande cha waya mbele ya ndoana, maana meno yake hayabagui nailoni nene wala nyembamba.

Kibano kiwe cha kipimo cha nailoni yenyewe. Nailoni mbili zipite zikibanana, usiweze kuzichezesha. Ninachagua vya shaba au aluminiamu, ambavyo huminyika na kuikumbatia nailoni bila kuikata. Kwanza ninaingiza kimpira kidogo cha kinga pale nailoni itakapopita kwenye tundu la ndoana, ili chuma kisisugue. Ninapitisha, ninarudisha ndani ya kibano, ninaacha nje kiasi cha unene wa kidole. Hapo ninawasha kiberiti cha gesi, ninaisogeza ncha pembeni mwa moto, si ndani yake. Nailoni inaanza kung'aa, inajikusanya, inakuwa kijidonge kama kichwa cha pini kubwa. Ikifuka moshi mweusi umeiunguza, kata uanze tena. Kijidonge kikipoa ninavuta kitanzi mpaka kijidonge kiguse mdomo wa kibano. Kisha koleo, la kazi hii, lenye meno ya kipimo hicho. Naanza kuminya katikati, nasogea upande huu na upande ule, na milimita moja au mbili za mwisho kila upande siziminyi kabisa. Zinabaki zimefunguka kama mdomo wa baragumu, na nailoni inatoka humo bila kukutana na ukingo. Nikimaliza ninatia ndoana kwenye chuma cha kufungia kamba tezini, ninavaa glavu, ninaegemea nyuma kwa uzito wangu wote. Kibano kitakachoteleza kiteleze hapo, mbele yangu, kikiwa hakijambeba samaki.

Ndoana mbili nimezitoa, nimeweka moja. Najua wapo wavuvi wazuri watakaobisha. Ndoana mbili hushika mara nyingi zaidi kwenye pigo la kwanza, hilo silikatai. Lakini samaki akiwa ubavuni na ndoana moja mdomoni, ile ya pili inaning'inia hewani ikitafuta mkono, na mkono ulio karibu ni wa kwangu. Tena samaki tunaowaachia, wengi wa nduwaro wetu, hukaa na ndoana ya pili imewaingia jichoni au kwenye matamvua. Kwa ndoana moja namfungua haraka, anaondoka na nguvu zake.

Anayetaka kubaki na mbili na ana nia ya kuandikisha rekodi, asome kanuni za IGFA, shirika la kimataifa linalosajili rekodi za uvuvi, kabla hajaivulia seti hii ilivyo. Kwa chambo cha sketi zinaruhusiwa ndoana mbili za kawaida, matundu yake yasiachane zaidi ya sentimita 30.48 wala yasikaribiane kuliko urefu wa ndoana iliyo ndefu zaidi, na ile ya nyuma isitokeze nje ya sketi zaidi ya urefu wake mwenyewe. Niliweka rula. Kwenye vyambo viwili vya seti hii ndoana ya nyuma ilitokeza kupita kiasi hicho. Samaki wa maisha yako angekataliwa kwa ajili ya vidole viwili vya nailoni.

Ndoana niliyoweka kwenye kile kikubwa ni namba 10/0. Nachagua kwa kuilinganisha na kichwa: nafasi kati ya ncha na mti wake iwe pana kuliko kichwa, la sivyo kichwa chenyewe kitaizuia ncha isifike kwenye nyama. Nzito kupita kiasi nayo inakizamisha chambo kisivute hewa. Nimeifunga kwa kebo ya nyuzi 49 za chuma, nikaivisha mpira unaonywea kwa moto mpaka ikakakamaa, ikasimama yenyewe badala ya kuning'inia. Kupinda kwa ndoana kunafika karibu na mwisho wa sketi, ncha ikitazama juu. Na ili isigeuke, ninachomeka kijiti cha meno kwenye mrija wa kichwa kwa mbele, kando ya nailoni, nakikaza, nakivunja kiwe sawa na uso. Kitu kidogo namna hiyo kinaifanya ndoana ikae wima siku nzima, na samaki akipiga, kichwa kinateleza chenyewe juu ya nailoni, hakibaki kuwa nyenzo ya kumsaidia kuichomoa ndoana.

Ncha zenyewe zilikuja butu. Hili sikulihesabu kama kosa kubwa, kwa kuwa kila ndoana kubwa naipitisha tupa hata ikitoka kwa mtengenezaji hodari. Ninaigusisha kwenye ukucha wa dole gumba bila kuikandamiza. Ikiteleza, bado. Iking'ang'ania, basi.

Jambo jingine la kuangalia ni chini ya ule mpira. Seti ilikuja na ndoana zilizopakwa zinki zikiwa zimegusana na pete za chuma kisichoshika kutu. Metali mbili tofauti kwenye maji ya chumvi hulana, na kinacholiwa ni ndoana. Baada ya wiki mbili nilipasua mpira mmoja kwa wembe nikakuta tundu la ndoana limeshakuwa kahawia, na kwa nje hapakuonekana doa. Sasa napasua na kufunga upya kila mwezi, nasuuza kwa maji baridi kila jioni.

Sketi ni nzuri, mbili kwa kila kichwa, zimefungwa kwa uzi na gundi, hakuna iliyochomoka. Rangi sina mengi. Nyeusi na zambarau asubuhi na mawingu yakitanda, kwa sababu samaki anatazama kutoka chini na anachohitaji ni umbo. Buluu na fedha jua likiwa kali. Ya kijani na njano ilileta fulusi na ilileta nduwaro mmoja, ambaye naye ni mlaji wa fulusi. Zaidi ya hapo sijaona rangi ikiushinda mwendo.

Tangu nilipofunga upya hakuna kibano kilichoteleza. Kile cha kifuu, kilichokuwa kinapinduka, kimeleta nduwaro wawili ubavuni, mmoja nahodha alimkadiria kilo 150, wote wakaachiwa. Cha mshazari kimeleta mmoja, na kimebaki na mikwaruzo ya mdomo wake kutoka jichoni hadi shingoni. Hakikupasuka. Nikilinganisha na vichwa laini vya Mold Craft aina ya Wide Range, ambavyo nimevitumia miaka mingi na bado ninacho kimoja majini karibu kila safari, vile ni rahisi zaidi kuelewana navyo. Havichagui wimbi, havigombani na bahari mbaya, na samaki akiuma anakutana na kitu kinachobonyea. Hivi vya rezini vinadai mtu wa tezi anayetazama. Vikipata mtu huyo, moshi wake ni mrefu zaidi.

Kwa anayejua kufunga, au aliye tayari kutoa jioni mbili kujifunza, nunua. Utakuwa umenunua vichwa vitano na sketi kumi za kazi nzuri, pamoja na mkoba ambao haujachanika uzi hata mmoja. Kwa anayetaka kutoa mkobani na kutupa baharini kesho asubuhi, usinunue, au mpe mtu anayejua avikate kwanza.

Na kama mtengenezaji atafikiwa na haya, namwomba auze vichwa na sketi peke yake, bila nailoni, bila ndoana. Seti ya pili nitaichukua mimi.